Nairobi mpaka New York: kwa nini kwenda ni masaa 15 na kurudi 14? Bi mkubwa anasafiri mwezi wa kwanza

MtotoWaKaloleni

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada wenu kwa anayejua mambo ya ndege, maana hapa nyumbani Arusha kila mtu ana jibu lake na bi mkubwa ameanza kuingiwa na hofu.

Mama yangu ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Dar. Dada yangu yuko New Jersey, amejifungua, na viza ya mama imetoka (tulishukuru sana). Tumemkatia tiketi ya moja kwa moja kutokea Nairobi mpaka New York, kwa hiyo atapanda basi hapa, atavuka Namanga, halafu usiku ndo anaruka. Sasa tiketi imeandikwa inaondoka 23:55 na inafika 06:55. Jirani yetu akaangalia akamwambia mama "ni masaa saba tu, unalala unaamka umefika". Shangazi nae akaisoma hiyo 06:55 akasema anafika saa sita mchana. Dada anasema ni masaa 15. Mimi nikaingia mtandaoni, tovuti moja inasema umbali ni kilomita 11,840 na muda ni masaa 13 na kitu, nyingine inasema 14 na nusu, na tiketi ya kurudi ukipiga hesabu inakuja kama 14. Yani miji ni ile ile, ndege ni ile ile, umbali haujaongezeka hata mita moja, sasa hilo lisaa linaenda wapi?

Nauliza kwa sababu mama ana presha na miguu yake huwa inavimba akikaa sana. Kama ni masaa saba nijue, kama ni 15 nijue, nimwandae. Sitaki afike katikati ya bahari ndo aanze kujiuliza mbona hatufiki.

---

Kipanga_77

Hongera ya mjukuu mkuu. Mimi ninavyoelewa ni dunia inavyozunguka. Inazunguka kwenda mashariki, kwa hiyo ukirudi Afrika unazunguka nayo, ukienda Marekani unapingana nayo. Ila sasa hata mimi hapo nachanganyikiwa kidogo, maana ukifikiria vizuri ukiruka kwenda magharibi si New York ndo ingekuwa inakuja kukufuata huku? Wanaojua waje.

---

MpangaNjia

Nimefanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa miaka kadhaa kabla sijastaafu, ngoja nieleze taratibu.

Kwanza hiyo saa saba ya jirani ifute kabisa kichwani kwa mama. Tiketi huwa inaandika saa ya mji unaoondoka na saa ya mji unaofika, kila mji na saa yake. Mwezi wa kwanza New York iko nyuma yetu kwa masaa 8 (kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa wa kumi na moja ni 7, wenzetu wanasogeza saa zao). Kwa hiyo akitua saa moja kasoro dakika tano asubuhi ya kule, hapa Arusha mtakuwa saa tisa kasoro dakika tano mchana. Toka saa sita kasoro tano usiku hesabu mpaka hapo, ni masaa 15 kamili. Dada yuko sahihi. Na shangazi mwambie 06:55 ni saa za kizungu, sio saa sita yetu.

Kuhusu dunia kuzunguka, ndugu Kipanga swali lako ni zuri na wengi wanakwama hapo. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hiyo hewa. Ukiwa kwenye basi linalokimbia kilomita 100 kwa saa ukarusha chungwa juu linarudi mkononi mwako, haliendi kumpiga mtu wa siti ya nyuma. Ingekuwa ndege inaachwa na dunia, basi pale ikweta dunia inapokimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa tungepaa Nairobi tukasubiri tu Kampala ipite chini. Haiwi hivyo.

Kinachokula hilo lisaa ni upepo. Huko juu, kilomita 9 mpaka 12 kutoka chini, kuna mikondo ya upepo inaitwa jetistrimu, inavuma toka magharibi kwenda mashariki kwenye maeneo ya Ulaya, Atlantiki ya kaskazini na Marekani. Kilomita 160 kwa saa ni kitu cha kawaida, na wakati wa baridi yao inaweza kupita 300. Dreamliner (Boeing 787, ndege ya safari hiyo) inatembea kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, ila hewa yenyewe ikiwa inakuja mbele yako kwa 100 basi juu ya ardhi unasogea 800 tu. Kurudi ndo kinyume chake. Mwezi wa pili mwaka 2020, kipindi cha dhoruba ya Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni karibu 7, ilikuwa inasukumwa mpaka ikapita kilomita 1,300 kwa saa juu ya ardhi.

Sasa utauliza, kama upepo una nguvu hivyo mbona tofauti ya Nairobi na New York ni lisaa tu? Kwa sababu sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya njia iko ukanda wetu wa joto ambako huo mkondo haupo. Na hapa ndo penye utamu, chukua mpira wa miguu, chora Nairobi na New York, halafu vuta uzi kati ya hizo alama mbili. Ukiangalia ramani ya ukutani utadhani ndege inakatiza Congo, inapita Afrika Magharibi ndo inaingia baharini, lakini uzi kwenye mpira utaona unapanda kaskazini magharibi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndo unaingia Atlantiki. Nusu kamili ya hizo kilomita 11,840 inaangukia Morocco, sio mbali na Marrakech. Yani nusu ya kwanza yote ya safari mtu bado yuko juu ya Afrika, bahari hajaifikia. Mwanzoni upepo sio wa kutisha, kuanzia kukaribia Morocco ndo mapambano yanaanza.

Tovuti ulizoangalia zinachukua kilomita zinagawanya kwa mwendo fulani, nyingine zinaongeza nusu saa, basi. 11,840 gawanya kwa 900 ni masaa 13 na dakika 10, ndo hiyo uliyoona. Hawaweki upepo, hawaweki muda wa ndege kutembea pale chini kabla ya kuruka na baada ya kutua, na hawajui kwamba njia inayorukwa kweli sio ule uzi. Inaongezeka kilomita mia kadhaa kutegemea upepo wa siku hiyo na anga zilizofungwa, kwa mfano anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipoanza Aprili 2023, na ule uzi unagusa kona ya Darfur. Kila siku mtu anakaa anachora upya. Kwa hiyo usishangae mama akifika nusu saa kabla au nusu saa baada.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, uwanja wa Nairobi uko juu karibu mita 1,600 toka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa na injini vinapata tabu kuinua mzigo, na mchana jua likiwaka inakuwa tabu zaidi. Ndo maana kuondoka usiku kukiwa na ubaridi kunasaidia. Wa New York wanaondokea chini kabisa usawa wa bahari na upepo unawasukuma. Kwa hiyo kwenda ndo kugumu pande zote mbili, mwinuko na upepo vimekutana kwenye safari moja, mafuta mengi yanatakiwa na uzito unabanwa. Ile safari ya kwanza ya moja kwa moja Kenya Airways walipoianza tarehe 28 Oktoba 2018 waliweka marubani wanne, wanapokezana, hakuna anayekaa masaa 15 bila kupumzika. Mwambie mama hilo, wazee wengi hofu yao ni rubani kusinzia.

---

Mwana_wa_Kojani

MpangaNjia umenikumbusha marehemu babangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, Pemba na Tanga, Tanga na Mombasa. Sisi watoto tulikuwa tukimuuliza safari ni masaa mangapi alikuwa hajibu hivyohivyo, kwanza alitoka nje akaangalia minazi. Akikuta upepo wa tezi, unaosukuma toka nyuma, anakwambia jioni tumefika. Akikuta upepo wa omo, unaokuja mbele, anasema leo tunapiga bisho (kwenda kwa kukata kona kona kupingana na upepo), chukueni chakula cha siku mbili. Kilomita ni zilezile za siku zote, na chombo ni kilekile.

Kwa hiyo ndugu wa Kaloleni mueleze mama hivyo, kwenda ni upepo wa omo na kurudi ni upepo wa tezi. Na Mungu amfikishe salama kwa mjukuu.

---

MamaZuhura_NJ

Dada mwingine hapa, na mimi niko New Jersey, mwaka wa sita sasa, na mama yangu mzazi nilimleta kwa njia hiyo hiyo kutoka Nairobi, nilimfata mwenyewe tukaja pamoja. Naongea kama mtoto wa mtu, sikiliza haya.

Hizo 15 ni za ndani ya ndege tu. Mwili wa mama hauanzi kuhesabu Nairobi, unaanza kuhesabu akifunga mlango hapo nyumbani. Arusha Nairobi ni kilomita kama 270 lakini na mpaka wa Namanga ni masaa matano sita, uwanjani awe amefika masaa matatu kabla, yani saa tatu usiku. Akitoka hapo saa nne asubuhi mpaka ndege iguse chini ni kama masaa 29, na bado foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi. Kwa hiyo kama mnaweza aende Nairobi siku moja kabla alale kwa ndugu, fanyeni hivyo. Mimi sikufanya na nilijuta, mama alipanda ndege tayari amechoka.

Miguu. Mwambie daktari wake wa presha kabla ya safari, usiache hili, kuna watu wanapewa ushauri wa soksi za kubana na wengine dawa zao zinapangwa upya. Kukaa zaidi ya masaa manne bila kusogea damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kwa mtu mzima ni hatari kweli. Mchagulieni kiti cha pembeni mwa njia sio dirishani, mimi nilimpa mama dirisha nikidhani namfurahisha, kumbe kila akitaka kwenda msalani anaona aibu kuamsha watu wawili, akawa hanywi maji ili asiamke. Akafika viatu havimuingii. Anywe maji, kila baada ya lisaa au mawili asimame atembee mpaka nyuma arudi, akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu. Viatu avae vya kulegea. Dawa za presha ziwe kwenye pochi yake ya mkononi, SIO kwenye begi kubwa, na azinywe kwa saa za Arusha mpaka afike halafu mtapanga na dada yako.

Ombeni kiti mwendo mapema, siku mbili au zaidi kabla, pigeni simu pale mlipokata tiketi. Hata kama anatembea vizuri. Sio kwa ajili ya ugonjwa tu, yule anayemsukuma anampitisha mpaka uhamiaji na mpaka kwenye mabegi, hapotei, na kwa mtu asiyejua kiingereza hiyo peke yake ni msaada mkubwa. Mwandikieni karatasi ya kiingereza yenye jina la dada yako, namba yake na anuani.

Masikio yakiziba wakati wa kushuka ameze mate au atafune pipi. Hewa ya ndani ya hiyo Dreamliner sio mbaya, wameiweka kama mtu yuko mita 1,800 hivi, yani kama yuko Mbeya na kidogo juu yake. Mtu wa Arusha hatahisi tofauti kubwa.

---

MtotoWaKaloleni

Jamani nimesoma yote, nimemsomea na mama kwa sauti hapa sebuleni, kwenye lile la upepo wa omo alicheka akasema hilo nimelielewa. Asanteni sana, MamaZuhura dada yangu Mungu akulipe, kiti nimeshabadilisha leo leo toka dirishani kwenda pembeni.

Ila ameuliza swali ambalo mimi sina jibu. Anasema akiondoka karibu saa sita usiku, alfajiri itamkuta wapi? Huku tunaamka saa kumi na moja kuswali, sasa yeye saa kumi na moja ya Arusha atakuwa huko juu, ndo aswali au asubiri? Kwake hili ni kubwa kuliko miguu.

---

MpangaNjia

Masuala ya dini muulizeni sheikh wenu, mimi nitakueleza mbingu zitakavyokuwa, mtampelekea na yeye aamue.

Mama atakuwa anakimbia na usiku. Jua linapanda mashariki nyuma yake na yeye anaenda magharibi, kwa hiyo ile alfajiri inamfukuza na haimpati kwa urahisi. Saa kumi na moja ya Arusha yeye atakuwa juu ya jangwa la Sahara, na ukichungulia dirishani ni giza tupu na nyota, kwa sababu chini yake pale bado ni usiku wa manane. Akipita Morocco bado usiku. Katikati ya Atlantiki bado usiku. Hapo nyie huku mtakuwa mmeshakunywa chai na mnafikiria chakula cha mchana. Mwezi wa kwanza New York jua linachomoza kama saa moja na dakika ishirini asubuhi, na weupe wa kwanza unaanza lisaa limoja na nusu hivi kabla yake, ila kule baharini mashariki ya New York kunapambazuka mapema zaidi, kwa hiyo weupe wa kwanza utamkuta kwenye masaa mawili au matatu ya mwisho kabla ya kutua. Ni usiku mmoja mrefu kuliko wowote aliowahi kuishi, karibu masaa 12 ya giza toka aruke.

Muandaeni kwa hilo hasa. Nimeona wazee wanaamka, wanaangalia nje, giza, wanalala, wanaamka tena, giza bado, wanaanza kuogopa kwamba kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Na kurudi atashangaa kinyume chake, ataondoka mchana, jua litazama haraka haraka kwa sababu anaenda kukutana na usiku, na usiku wenyewe utakuwa mfupi, hajamaliza usingizi kumekucha juu ya Afrika.

Kwenye skrini ya mbele ya kiti chake kuna ramani inayoonyesha ndege ilipo na masaa yaliyobaki. Mhudumu amuwashie tangu mwanzo.

---

SafariNjema_TZ

Nachangia kidogo kwa wengine watakaosoma hapa baadae maana sio wote wataweza kwenda mpaka Nairobi. Nimepiga hesabu ya kutokea KIA (uwanja wa Kilimanjaro). Ukipitia Doha ni kama kilomita 3,560 mpaka Doha halafu karibu 10,780 mpaka New York, jumla 14,300 hivi, yani umezunguka karibu kilomita 2,500 zaidi ya zile 11,840 za kutokea Nairobi. Ukipitia Amsterdam ni kama 6,900 halafu 5,850, jumla 12,750, mzunguko ni kilomita 900 tu kwa sababu Amsterdam iko upande wa kaskazini magharibi, ule ule unakoelekea uzi aliousema mzee MpangaNjia. Mimi nilikuwa naamini Doha ni karibu zaidi kisa iko karibu na sisi, kumbe unaenda kwanza upande usio wako halafu unaanza kurudi.

Ila kwa mtu mzima mwenye presha, kupumzika masaa mawili matatu katikati na kunyoosha miguu inaweza kuwa bora kuliko 15 mfululizo, hasa akiwa na mtu wa kumsindikiza. Akiwa peke yake na hajui lugha, moja kwa moja ndo salama, kuhamia ndege nyingine kwenye uwanja mkubwa peke yake ni mtihani.

---

MtotoWaKaloleni

Sheikh amepita jioni, nimemsomea maneno ya MpangaNjia yote ya giza na mwanga wa masaa ya mwisho, wamekaa na mama wakaongea wakamaliza, roho yake imetulia. Daktari tunamuona jumatatu. Kiti mwendo wamekubali. Nairobi ataenda siku moja kabla, kuna binamu yetu Eastleigh.

Saa yake ya mkononi amesema hatoigusa, itabaki ya Arusha mpaka akumbatiane na dada. Na ameniomba nimuandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa jina la Marrakech, aliweke kwenye pochi pamoja na dawa, akiliona kwenye ile ramani ajue nusu ameshamaliza.